Sahani ya Kibao cha Pili

Kibao cha kwanza kiko gatini, kimepakwa chokaa juzi:
KARIBUNI SHAKANI. VUENI VIATU MKIAMBIWA.
Maneno matatu ya mwisho niliyaongeza mimi, kwa mkaa,
Bwana Afisa Utamaduni aliporejea Tanga mjini
na tepu yake ya kupimia. Aliniachia fomu ya kurasa tisa
yenye swali: Taja vivutio vya kisiwa.

Kivutio. Nililitafuna neno hilo siku mbili.
Huku kwetu kinachovuta ni kamba ya kisima,
iliyokwisha kuchimba mifereji kumi na saba katika jiwe la ukingo,
kila mfereji na kizazi cha wanawake walioinama pale.
Kinachovuta ni Tanga penyewe, ng'ambo,
na taa zake, na shule yake ya sekondari:
imenivutia wangu wawili, na wa jirani wanne,
na hakuna aliyerudi ila kwa Idi.
Sikuandika hivyo. Nafasi ilikuwa mistari mitatu.

Niliandika: msikiti wa kale, makaburi, kisima.

Basi wanakuja. Jumamosi wanane, kumi,
wamefunga maboya vifuani, wameshika simu juu juu.
Nawakatia risiti. Mtanzania elfu tatu, mtoto bure.
Mwanafunzi mmoja wa Korogwe aliniuliza
kama nalala humu humu magofuni.
Nikamwambia, usiku tu.

Kibao cha pili kiko mbele ya kaburi la nguzo.
Hapo nasimama, nasafisha koo, nasema:
"Tazameni matundu haya, kumi na moja.
Humu zilikaa sahani za Uchina, buluu kwa nyeupe.
Zilibanduliwa. Hazijulikani zilipo."
Wageni hunyamaza kwa adabu.
Mama mmoja wa Moshi aliwahi kulia.

Kumi, ni kweli, hazijulikani.

Ya kumi na moja iko kwangu,
juu ya kabati, nyuma ya birika la kahawa la marehemu.
Bibi yangu, Mwanamvua binti Kidege,
aliibandua kwa ulimi wa mbuzi ya kukunia nazi
usiku ule walipokuja watu na tindo na magunia.
Aliifunga ndani ya kanga, akaikalia,
akaanza kupiga kelele za uchungu wa kuzaa,
na umri wake sitini na kitu.
Hawakumsogelea. Kulikuwa na giza,
na mwanamume huogopa uzazi kuliko mzimu.

Tangu hapo haijapumzika.
Arusi, hubeba asumini na udi. Futari, tende.
Mtoto akitolewa nje siku ya arobaini
maji ya kumnawisha uso hutoka humo.
Ina ufa mmoja, mwembamba kama unywele,
wa arusi ya Mwanahidi, bwana arusi alipoketi bila kutazama.
Nani ataliandika hilo kwenye kibao?

Bwana Afisa alirudi mwezi wa Shaabani.
Nilikuwa uani. Mdogo wangu, kwa mazoea tu,
akamwandalia vitumbua juu ya sahani ileile.
Nilipoingia, cha tatu kilikuwa mdomoni
na buluu imeanza kujitokeza:
mkia wa samaki, jani, mdomo wa ndege.
Akaacha kutafuna.
Akaitazama. Akanitazama. Akalitazama dirisha,
ambamo nguzo ya kaburi huonekana yote.
Fomu mapajani, kalamu sikioni.

Nilihesabu pumzi zangu.

Akachukua kitumbua cha mwisho,
akapitisha kidole ukingoni, polepole, mzunguko mzima,
kama mtu apapasaye paji la mgonjwa,
akasema, "Dada Mwanatumu,
hivi vitumbua havijulikani vilipo."

Tulicheka hadi jirani akachungulia.

Alipoondoka niliiosha mwenyewe,
kwa majivu laini na maji ya kisima.
Kamba ilikuwa nzito siku hiyo.
Nikaivuta.